Uso mbaya usio na maumivu

Kinyago changu cha kwanza hakikumchekesha mtu.

Nilikifanyia kazi siku tisa. Nilichana magazeti vipande vidogo vidogo, nikavichovya kwenye gundi ya unga, nikavibandika tabaka juu ya tabaka kwenye umbo la udongo mpaka uso ukajitokeza. Alikuwa mzee bahili na mkorofi, wa kumfukuza kila anayebisha hodi. Nilimpa pua ndefu iliyopinda, mashavu yaliyobonyea, mdomo ulioshuka pembe zote mbili, na nyusi zilizopanda katikati zikakutana juu ya pua kama paa la kibanda. Ubaya wa sura ile niliukusudia, maana mchezo wenyewe ulikuwa wa kuchekesha.

Siku ya mazoezi mwenzangu akakivaa, akasema maneno yale yale ambayo juzi yake, akiwa uso mtupu, yalituvunja mbavu. Kimya. Akarudia. Kimya tena, na safari hii mmoja wetu akatazama pembeni. Mama aliyekuwa akituongoza akakisogelea kinyago, akakikagua kwa muda mrefu, kisha akanigeukia: "Mwanangu, huyu mzee anaumwa. Nani atamcheka mtu anayeumwa?"

Nilikirudisha nyumbani. Pua sikuigusa, mashavu sikuyagusa. Nilizikwangua nyusi na kuzibandika upya, zikashuka katikati na kupanda pembeni, na kona moja ya mdomo nikaiinua kidogo, upana wa kucha. Juma lililofuata watu walianza kucheka kabla mzee hajafungua kinywa.

Miaka mingi ikapita ndipo nikasoma kitabu cha Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kuhusu ushairi, kilichoandikwa karne ya nne kabla ya Kristo. Katika sura ya tano anaeleza kinachochekesha ni nini: ni kosa au ubaya wa aina fulani usioleta maumivu wala maangamizi. Halafu, mara moja, anatoa mfano wake, na mfano ni kinyago cha komedi, ambacho ni kibaya, kimepindapinda, na hakina maumivu. Nilikifunga kitabu nikakaa nacho mapajani. Yule mama hakuwahi kumsoma Aristotle, na aliliona jambo lile lile kwa macho yake, kwenye nyusi.

Tangu hapo nimekuwa nikiifuatilia komedi kwa nyuma, kuelekea kule ilikotoka, na kadiri ninavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kicheko tumekipa uzito kupita kiasi. Kicheko ni dalili ya komedi. Komedi yenyewe ni kitu kipana zaidi.

Lugha yetu inachangia kidogo katika hili. Tunasema kichekesho, na neno limeshatangaza hukumu: kama hukucheka, kimeshindwa. Wahakiki wana ramsa na wana futuhi, majina mengine ya mchezo wa kuchekesha, na upande wa pili wa mizani wanaweka tanzia, mchezo wa huzuni, neno ambalo hata asiyewahi kufungua kitabu cha uhakiki analijua, kwa sababu tanzia ni taarifa ya kifo. Basi tukisikia majina tu, upande huu pana msiba na upande ule pana kicheko. Katika jina la Kigiriki, komoidia, kicheko hakimo kabisa. Wagiriki walikuwa na neno lao la kicheko, gelos, na hawakulitia humo. Walichotia ni oide, yaani wimbo, na komos, kundi la watu waliotoka kwenye ulevi na karamu, wanapita njiani wakiimba kwa zumari, wanacheza, wanamtania kila wanayekutana naye. Jina linataja kundi na wimbo wake. Linalompata anayesikiliza halikutajwa.

Hata hilo lilikuwa na wapinzani. Aristotle anasimulia kwamba watu wa Megara, mji mmoja wa Ugiriki, waliidai komedi kuwa yao, na ushahidi wao ulikuwa neno. Walisema komoidia imetokana na kome, kijiji, kwa sababu wachekeshaji wa mwanzo walidharauliwa mjini, wakafukuzwa, wakawa wanazunguka kijiji hadi kijiji. Wataalamu wa lugha wa leo wengi wanaegemea komos. Na mimi nawafuata, lakini hadithi ya Megara siwezi kuiacha. Waliotangulia kuelezea asili ya komedi waliona ni lazima ndani yake awepo mtu aliyefukuzwa.

Chanzo kingine anachokitaja Aristotle ni waongozaji wa nyimbo za maandamano ya kubeba sanamu ya uume, nyimbo ambazo anasema zilikuwa bado zikiimbwa katika miji mingi zama zake. Ukitaka kuelewa kwa nini komedi ya kale ina matusi na uchafu mwingi kiasi hicho, anzia hapo. Matusi yalikuwa sehemu ya ibada. Dionysus, mungu wa mvinyo na wa mimea inayochipua, ndiye aliyekuwa mwenye sherehe, na mwigizaji wa komedi alipanda jukwaani akiwa amejazwa tumbo na makalio ya bandia, na uume wa ngozi ukining'inia.

Athens iliikubali rasmi mwaka 486 KK, pale mashindano ya komedi yalipoingizwa katika tamasha kubwa la Dionysus. Tanzia ilikuwa imetangulia kwa takriban nusu karne. Aristotle anasema historia ya mwanzo ya komedi haijulikani kwa sababu haikutiliwa maanani, na kiongozi wa mji alichelewa kuipa korasi, yaani kundi la waimbaji na wachezaji wa jukwaani. Korasi ilikuwa watu 24, nayo iliweza kuwa chochote: mawingu, nyigu, ndege, vyura. Katikati ya mchezo ilisogea mbele, ikaiacha hadithi, ikawasemesha watazamaji moja kwa moja, mara nyingi kwa niaba ya mtunzi, ikiwasuta kwa uamuzi wao wa vita au kwa kumnyima ushindi mwaka uliopita. Hapo ndipo ninapoliona lile kundi la njiani likiwa bado hai. Limevalishwa mavazi na kupewa jukwaa, na bado linamtania linayekutana naye.

Kati ya watunzi wa kipindi hicho, michezo kamili iliyobaki ni ya mmoja tu, Aristophanes. Ni 11, kati ya takriban 40. Ninaousoma kila mwaka ni Vyura, wa mwaka 405 KK. Athens ilikuwa katika vita virefu na Sparta, na ilikuwa imebakiza mwaka mmoja tu kabla ya kusalimu amri. Washairi wakubwa wa tanzia wamekufa. Dionysus mwenyewe, mungu wa jukwaa, anashuka kuzimu kumtafuta mshairi wa kumrudisha duniani, na huko Aeschylus na Euripides wanashindana mbele yake.

Kuna kipande kimoja humo ambacho nimewafundisha nacho vijana wengi. Aeschylus anadai kwamba ataiharibu mistari ya kwanza ya tanzia za Euripides kwa kichupa cha mafuta. Euripides anaanza, kwa sauti ya fahari: Aegyptus, kama habari zilivyoenea, pamoja na wanawe hamsini, kwa makasia, alipofika Argos... na Aeschylus anamalizia: akapoteza kichupa chake cha mafuta. Euripides anaanza nyingine, ya Dionysus mwenye ngozi za wanyama akirukaruka kwenye mlima Parnassus. Akapoteza kichupa chake cha mafuta. Anajaribu nyingine, yenye busara, isiyo na mtu wala safari: hakuna binadamu aliyebarikiwa kwa kila jambo, kwani huyu kazaliwa katika ukoo bora lakini hana riziki, na yule... Akapoteza kichupa. Dionysus anafika mahali pa kumsihi Euripides akinunue kichupa hicho kabla hakijaimaliza mistari yote ya mwanzo.

Nikiwapa vijana kipande hiki, huwa nawaomba wakiseme mara ya kwanza bila kuchekesha. Wakikisema sawasawa wanagundua siri mbili. Kwanza, kichupa ni kidogo. Ni kile cha kujipakia mafuta baada ya kuoga au mazoezi, kila mtu anacho, kila mtu aliwahi kukipoteza. Mfalme mwenye wana hamsini anashushwa hadi kwenye hasara ambayo yeyote kati ya watazamaji aliwahi kuipata. Pili, hakuna aliyeumia. Aegyptus hakuzama baharini. Kapoteza kichupa, kesho atapata kingine. Ni nyusi zile zile zilizoshushwa katikati. Na wanaoyatazama haya ni watu wanaokaribia kushindwa vita, wenye ndugu waliozama kweli. Mchezo ulipewa zawadi ya kwanza.

Lakini siwezi kumsifu Aristophanes bila kusema jambo linalonikosesha raha. Mwaka 423 KK alipeleka jukwaani mchezo wa Mawingu, na ndani yake akamweka mwanafalsafa Socrates, mtu aliyekuwa hai, jirani wa watazamaji wale wale. Tunamkuta akining'inia hewani ndani ya kikapu, akilichunguza jua. Shule yake inafundisha namna ya kuifanya hoja dhaifu iishinde hoja yenye nguvu, na mwishoni inachomwa moto. Miaka 24 baadaye Socrates alisimama mbele ya mahakama. Katika utetezi wake kama mwanafunzi wake Plato alivyouandika, anasema washtaki anaowaogopa zaidi ni wale wa zamani, waliowajaza majaji uvumi tangu wakiwa watoto, ambao hawezi hata kuwataja majina, isipokuwa kama mmoja wao ni mtunzi wa komedi. Kisha anawakumbusha yule Socrates waliyemwona kwa Aristophanes, akizungushwa huku na huko, akidai anatembea hewani. Alihukumiwa kifo.

Sisemi kwamba komedi ilimuua. Waliomhukumu walikuwa na sababu nyingi, na siasa ya baada ya vita ilikuwa na mkono wake. Ninachosema ni kwamba ile sharti ya kutokuwa na maumivu ni ngumu kuliko inavyoonekana kitabuni. Mzee wangu wa magazeti hakuwa na jirani wala watoto, niliweza kumpindisha nitakavyo. Ukipindisha uso wa mtu anayeishi, maumivu yanaweza kuchelewa miaka 24 ndipo yafike. Tangu nilipoisoma sehemu hiyo nimekataa kutengeneza kinyago chenye sura ya mtu anayetambulika, na nimeombwa mara kadhaa.

Baada ya Athens kushindwa, komedi yake ilibadilika. Korasi ilinywea, matusi kwa viongozi yakapungua, na hadithi zikaingia ndani ya nyumba: mapenzi yanayozuiliwa na baba, mtumwa mwerevu kuliko bwana wake, mtoto aliyepotea akatambuliwa. Bingwa wake alikuwa Menander. Kwa karne nyingi alijulikana kwa vipande na sifa tu, mpaka mchezo wake mmoja wa mwaka 316 KK, karibu wote, ulipochapishwa mwaka 1958 kutokana na karatasi za mafunjo zilizotoka Misri. Unamhusu mzee anayewachukia watu wote, anayewafukuza mlangoni kwake. Anatumbukia kisimani, na anayemtoa ni mtoto wa kambo. Nilipousoma nilimtambua: ni mzee wangu wa pua iliyopinda, na alikuwa na zaidi ya miaka elfu mbili.

Roma ilizichukua hadithi hizo kupitia watunzi wawili, Plautus, kisha Terence, ambaye wasifu wake wa kale unasema alizaliwa Carthage, Afrika Kaskazini, akafika Roma akiwa mtumwa. Michezo yake ni sita tu. Mmoja ulikatizwa mara mbili: mara ya kwanza watu waliwakimbilia mtembea juu ya kamba na mabondia, mara ya pili zikaja habari za wapiganaji wa upanga. Waliupeleka tena mara ya tatu, ukaigizwa hadi mwisho. Huo ni mchezo mpole, karibu hauna kicheko, na ni komedi.

Zama za kati zilikwenda mbali zaidi, zikaliacha jukwaa na kubaki na umbo la hadithi: komedi ni ile inayoanza kwa shida na kuishia kwa heri, kwa lugha isiyojikweza. Ndiyo maana Dante, mshairi wa Italia aliyefariki mwaka 1321, aliweza kuliita Komedi shairi linaloanzia kwenye msitu wa giza na kupita jehanamu yote. Neno takatifu waliliongeza wengine baadaye. Aliliandika kwa lugha ya watu wa kawaida badala ya Kilatini, na linaishia mbinguni, na kwa watu wa wakati wake hayo mawili yalitosha.

Kutoka kundi la walevi njiani hadi kwa Dante ni mbali sana, na kilichosalia njia nzima, kwa jinsi ninavyoona, ni mtu aliyekosea au kupotea ambaye hatimaye anatolewa kisimani. Aristotle aliahidi kuizungumzia komedi baadaye. Ahadi ipo mwanzoni mwa sura ya sita. Maelezo yenyewe hayakutufikia.

Juzi nimeanza kinyago kipya, cha mwanamke anayesahau kila kitu isipokuwa madeni anayowadai wengine. Udongo umeshakauka, pua ipo, kidevu kipo. Nyusi bado sijazibandika. Nimezikata jozi tatu, nimezipanga mezani kando ya taa, na kila usiku najaribu moja kwa kuishikilia kwa kidole tu, kisha narudi nyuma hatua nne na kumtazama.