Jina la baba halina L huku

Laptop yangu ni mtumba, nimeinunua hapa Nagoya, Japani. Windows iliyokuwemo ilikuwa ya Kijapani tupu, halafu inajikokota kama daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Nikaifuta, nikaweka Linux Mint ya Kiingereza, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Raha mustarehe, mpaka siku ya kujaza fomu ya kupanga chumba mtandaoni. Sehemu ya jina inataka katakana, herufi za Kijapani za kuandikia majina ya kigeni. Kushoto mwa namba 1 kuna kitufe kimeandikwa 半角/全角 (nyembamba/pana), nikakibonyeza: kikatema kialama kama mkia wa mjusi, basi.

Ukiuliza watu wa Linux namna ya kuchapa Kijapani utapewa njia kumi. Mimi nakupa moja. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika:

sudo apt install fcitx5-mozc fonts-noto-cjk
im-config -n fcitx5

Toka kwenye akaunti yako kisha uingie tena. Mimi niliruka hapo, nikapoteza jioni nzima nikidhani nimekosea. Fcitx5 ni kama bawabu, anapokea unachobonyeza. Anayejua Kijapani ni Mozc, ambayo Google waliuachia umma msimbo wake mwaka 2010. Hizo fonti ni za kuondoa vile visanduku vitupu, ambavyo wenyewe wanaviita tofu. Kwenye mipangilio ya fcitx5 ongeza Mozc, na kama vitufe vyako ni vya Kijapani kama vyangu, chagua kibodi ya Kijapani, la sivyo @ utaitafuta mpaka kesho. Kuhama lugha ni Ctrl na Space.

Sisi Waswahili tuna bahati kwenye kuchapa: a, e, i, o, u zao ni zetu. Unaandika sakana, inatoka さかn nusu nusu mpaka unamaliza, さかな, unagonga Space, 魚. Samaki huyo.

Tatizo likaja kwenye jina la baba. Nikaandika Salum. Ikatoka さぅm. Nikafuta, nikarudia, ileile. Kumbe Kijapani hakina L, na Mozc imeipa hiyo herufi kazi nyingine: kuandika irabu ndogo. Na m haiwezi kubaki mwishoni peke yake. Ikabidi niandike sarumu, halafu F7 kuigeuza katakana: サルム. Marehemu angecheka.

Fomu ikakataa tena! Safari hii nilikuwa nimebonyeza F8, ambayo inatoa katakana nyembamba, na wao wanataka pana. Namba ya posta wakaitaka nyembamba, namba ya nyumba pana. Fomu hiyohiyo moja. Sina maneno.

Siku hizi nimezoea, ila nasahau kurudi kwenye herufi zetu. Na Kiswahili unagonga Space kila baada ya neno, sasa kwa Mozc hiyo Space ndiyo amri ya kubadilisha. Juzi namwandikia kaka, nimeanza na "hata kama", nikagonga Enter bila kuangalia. Yakaenda 旗釜. Bendera, na chungu cha kupikia wali.

Kaka akajibu: "Mdogo wangu, umeanza kwenda kwa mganga?"