Tasnifu ya dagaa na swali la nani anashika haki

Wiki chache zilizopita mhadhiri msaidizi mmoja aliingia maktabani kwetu hapa Mwanza, akanisalimu "Shikamoo mama", na kabla hata hajaketi akaniomba niiondoe tasnifu yake ya uzamili kwenye hifadhi ya kidijitali ya chuo. Tasnifu hiyo inahusu ukaushaji wa dagaa juu ya chanja badala ya kuwaanika mchangani, na aliiandika baada ya kushinda mialoni miezi mingi pamoja na akina mama wachakataji. Usiku uliotangulia alikuwa ameiuliza programu ya akili mnemba namna ya kupunguza upotevu wa dagaa wakati wa masika. Ikamjibu kwa Kiswahili safi, kwa mpangilio wa hatua uliofanana na wa sura yake ya nne, bila kumtaja mtu yeyote. "Mama, nimepigwa jua na mvua kule mwaloni," alisema, "halafu kazi yenyewe imekuwa haina mwenyewe."

Sikuweza kuyachukulia maneno hayo kijuujuu, kwa sababu ni mimi niliyemshawishi aiweke kazi yake wazi. Nilimwomba tuifungue sura ya nne pamoja, tukailinganisha na jibu la programu mstari kwa mstari. Hatukuona sentensi hata moja iliyonakiliwa. Kilichofanana ni hatua na mpangilio wake, na hatua hizo, kama alivyokiri mwenyewe, maafisa uvuvi walikuwa wakizifundisha kabla yeye hajaanza utafiti.

Hapo ndipo ilinibidi nimweleze jambo ambalo watafiti wengi hulipokea kwa uchungu. Hakimiliki, kwa sheria yetu Namba 7 ya mwaka 1999 na kwa sheria za nchi nyingine, hulinda namna mwandishi alivyolieleza jambo. Hailindi ukweli wenyewe, wala mbinu, wala matokeo ya utafiti. Kwamba dagaa aliyekaushwa juu ya chanja hapati mchanga ni maarifa ambayo mtu yeyote anaweza kuyarudia kwa maneno yake, na tungekuwa na sayansi ya ajabu sana kama ingekuwa vinginevyo.

Alinikumbusha leseni aliyoichagua. Ilikuwa ile ya Creative Commons inayomruhusu kila mtu kuitumia kazi kwa sharti la kumtaja mwandishi, naye aliamini kwamba sharti hilo linaibana hata mashine. Ukweli ni kwamba leseni ya aina hii hufanya kazi pale tu ambapo matumizi yanahitaji ruhusa ya mwenye hakimiliki. Sheria ikiwa imekwisha kuyaruhusu matumizi hayo, sharti la leseni halina pa kushika. Japani ilirekebisha sheria yake mwaka 2018 ili kuruhusu kwa upana uchambuzi wa kazi za watu kwa kompyuta, kama ule wa kuzifundisha programu za akili mnemba. Umoja wa Ulaya uliuruhusu kwa waraka wake wa mwaka 2019, lakini ukamwachia mwenye haki nafasi ya kukataa, na Marekani suala hili limefikishwa mahakamani mara nyingi. Sheria yetu ya 1999 iliandikwa kabla programu hizi hazijakuwapo. Zaidi ya hayo, leseni ya Creative Commons haiwezi kufutwa kwa mtu aliyekwisha kuipata kazi chini yake, kwa hiyo kuiondoa tasnifu hifadhini kusingerudisha nakala zilizokwisha kuchukuliwa.

Lakini hoja iliyomtuliza ni nyingine. Mwezi Mei 2024 kampuni ya Informa, inayomiliki wachapishaji wa Taylor & Francis, ilitangaza mkataba na Microsoft wa kuipa maudhui kwa ajili ya akili mnemba, wenye malipo ya awali ya zaidi ya dola milioni 10. Makala nyingi za wachapishaji hao msomaji wa kawaida hawezi kuzisoma bila yeye au chuo chake kulipia, na waandishi kadhaa walilalamika kwamba hawakuulizwa. Kufungiwa kwa makala hizo hakukuzilinda. Mwandishi anapotia saini ya kuhamisha hakimiliki yote kwa mchapishaji, au kumpa leseni pana isiyo na mipaka, anakabidhi pia uamuzi juu ya matumizi ambayo bado hajayajua. Kwa maoni yangu, hofu ya mhadhiri huyu ingefaa ielekee huko, kwenye karatasi ambayo wengi wetu huisaini bila kuisoma kwa furaha ya kukubaliwa makala.

Wakati mwingine wahadhiri huniomba angalau leseni inayokataza kazi kubadilishwa, au inayokataza biashara. Hapa huwa nabishana nao kwa dhati. Leseni inayokataza mabadiliko inakataza pia kusambaza tafsiri, na tasnifu hii imeandikwa kwa Kiingereza. Bila ruhusa mpya hakuna atakayeweza kuitoa kwa Kiswahili kwa ajili ya wachakataji wa Igombe au Ukerewe, wala kwa Kisukuma kwa wale wanaokielewa zaidi. Leseni inayokataza biashara inaweza kumtia wasiwasi mwenye duka la vifaa vya kuandikia anayetaka kurudufu kurasa kumi na kuziuza kwa gharama ya karatasi na faida kidogo. Afisa uvuvi wa kata anayesoma kwenye simu, kwa bando alilolinunua mwenyewe, ndiye anayegonga mwamba kwanza tunapofunga. Kampuni kubwa yenye fedha ina njia ya kufanya mkataba, yeye hana.

Nilimwambia pia kwamba kutajwa ni haki anayostahili kuidai hata pale hakimiliki haimsaidii, kwa kuwa katika taaluma yetu kumtaja uliyejifunza kwake ni deni, na sioni kwa nini watengenezaji wa programu hizi wasidaiwe deni hilo hilo kwa sauti kubwa. Alinyamaza kidogo, kisha akafungua ukurasa wa shukrani wa tasnifu yake. Walitajwa msimamizi, wafadhili na familia. Akina mama waliomfundisha kutambua kwa mkono dagaa aliyekauka sawasawa walikuwa wameandikwa "wahojiwa", na picha zao tatu zimo ndani, zikiwa chini ya leseni ileile huria, ilhali ridhaa waliyoitoa ilikuwa ya kuhojiwa tu.

Tasnifu imebaki wazi, isipokuwa picha hizo tatu, ambazo tumezitoa kwa muda. Jumamosi anakwenda Igombe kuwaonesha, kuwaeleza picha zinaweza kufika wapi, na kuwauliza kama wanataka zirudishwe na kama wangependa waandikwe kwa majina yao.