Ghorofa tunaitaka, ila kodi ya fremu ndiyo inayotulisha

Watu wakisikia wenye nyumba wa katikati ya mji hapa Dodoma tunavutana na maofisa wa mipango miji, wanadhani tunakataa ghorofa. Hapana. Kwenye kikao cha mtaa wetu sijamsikia hata mmoja akisema ghorofa ni mbaya. Tunachobishania ni ile miaka miwili mitatu ya katikati, tangu nyumba ibomolewe hadi mpangaji wa kwanza wa jengo jipya alipe kodi.

Nyumba ya marehemu babu iko kwenye mojawapo ya zile barabara za namba. Nyuma kuna vyumba, ua na choo cha shimo. Mbele kuna fremu nne: fundi cherehani, vipuri vya bodaboda, wakala wa fedha, na ya mwisho shangazi anauza mchele na maharage. Kodi ya hizo tatu ndiyo ada ya watoto na dawa za presha za bibi.

Afisa aliyekuja ni kijana mpole. Alitandaza ramani juu ya meza ya plastiki, akaikandamiza kwa chupa za maji kila pembe (upepo wa Dodoma mnaujua). Mengi aliyosema ni kweli. Serikali imehamia, wizara ziko Mtumba, na sisi tumekalia kiwanja cha biashara kwa nyumba ya bati. Akashauri majirani tuunganishe viwanja na kuingia ubia na mwekezaji wa kujenga, kwa sababu kimoja kimoja ni vyembamba: ukiacha nafasi ya pembeni na maegesho, kinachobaki ni ngazi tu. Hapo nilikubaliana naye.

Shangazi akanyoosha mkono. "Mwanangu, nimekuelewa. Sasa mkibomoa, mchele wangu nauzia wapi?"

"Mwekezaji atawalipa kodi wakati wa ujenzi, mama."

"Kwa mkataba au kwa mdomo?"

Watu walicheka, kijana naye akacheka, lakini jibu halikutoka.

Wazee wa hapa wana sababu ya kudai karatasi. Ardhi ya mji huu ilikaa miaka mingi mikononi mwa CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu, iliyoundwa mwaka 1973 ulipopitishwa uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku. Hati zake zilikuwa za miaka 33, wakati kwingine watu wanapewa 99. CDA ilivunjwa mwaka 2017, kazi zake zikaenda halmashauri. Mzee aliyezeeka akihesabu miaka iliyobaki kwenye hati yake, usimwambie "tuaminiane".

Mimi ningesaini ubia kesho, kwa masharti. Fedha za kodi ya kipindi cha ujenzi ziwe benki kabla nyundo ya kwanza haijagonga ukuta. Hati yetu isiwekwe rehani bila saini zetu wote. Na sehemu yetu ndani ya jengo iwe na hati yake yenyewe. Sheria ya mwaka 2008 inaruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo. Maofisa wakija tena na ramani, waje na mwanasheria wa ardhi pia.

Fundi cherehani alikaa nyuma kabisa, hakusema neno. Kuna aliyesema ahamie soko la wamachinga. Yeye si machinga: ana leseni, analipa kodi ya mapato, na sare za shule za nusu ya mtaa zinashonwa pale. Kwenye ramani hayumo popote, na mpaka sasa sijui nani atamsemea kama si sisi tunaochukua kodi yake.

Ila na sisi tuna letu la nyumbani. Hati bado ina jina la babu, na mahakama haijateua msimamizi wa mirathi kwa sababu baba mdogo aliyeko Mwanza anataka kiwanja kiuzwe tugawane. Kikao cha ukoo ni Jumamosi. Asipokubali, mwekezaji na maofisa wote watasubiri.