Laptopu Ileile, Foleni Imepungua: Nilivyokibana Kivinjari cha Steshenari Yangu

Kila mtu ana dawa ya laptopu ya mwenzake. Nimeambiwa niiuze hii niliyonayo, niongezee hela, nichukue mpya. Nimeambiwa nifute historia ya kivinjari kila jioni, ati ndiyo inayolemea. Mwingine akaniapia kabisa kwamba dirisha fiche, lile la Incognito lisiloweka historia, halili bando. Uongo mtupu. Ukilifunga dirisha fiche linatupa kila kilichopakuliwa, kesho ukifungua ukurasa uleule picha zote zinashuka upya. Bando linaenda zaidi, si pungufu.

Nina steshenari karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro. Printa, mashine ya fotokopi, skana, na laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4. Kazi zetu mnazijua: CV, barua, kujaza maombi ya ajira na ya mikopo ya wanafunzi mtandaoni, kuskani vyeti, kuprinti kitu mtu alichotumiwa WhatsApp na shemeji yake. Karibu vyote hivyo siku hizi vinapita ndani ya kivinjari. Kikitambaa chenyewe, wateja wanahamia kwa jirani, na jirani yangu hana huruma.

Sasa ni yeye anayeniuliza nimeweka nini kwenye mashine. Sijaweka kitu. Nimetoa.

Nianze na alichoweka fundi. Alikuja na flashi yake shingoni, akasikiliza laptopu inavyovuma, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kitaalamu, kisha akaniwekea kiendelezi, yaani kiprogramu cha kupachika ndani ya kivinjari, cha kuongeza kasi kwenye Chrome. Kilikuwa na alama ya roketi. Ukiigusa, duara linazunguka, rangi inatoka nyekundu inakuwa kijani, na maandishi yanakupongeza. Akachukua elfu kumi na kitu, na soda juu.

Roketi ile ilikuwa tamu kuigusa, nisiseme uongo. Ila ukurasa wa kutafutia ukabadilika wenyewe, ukawa wa kampuni sijawahi kuisikia. Halafu yakaanza matangazo ya kubeti, yanatokea pembeni mwa fomu za watu. Siku moja nilikuwa na mchungaji wa hapa mtaani, tunapanga kadi za harambee ya kupaua kanisa, likachomoza tangazo la kasino lenye dada aliyevaa kidogo sana. Mchungaji akakohoa. Mimi nikajifanya naweka karatasi kwenye printa.

Nilimpigia fundi. Jibu lake: "Bosi, hiyo mashine imechoka, tafuta nyingine." Basi nikakaa nayo mwenyewe baada ya kufunga duka.

Ukiwa kwenye Chrome, bonyeza Shift na Esc kwa pamoja. Linafunguka dirisha dogo lenye orodha ya kila kinachoendelea humo ndani: vichupo (zile tab za kurasa ulizofungua), viendelezi, vyote na kiasi cha kumbukumbu, yaani RAM, vinachokula. Chrome tangu ilipotoka mwaka 2008 imejengwa hivyo, kila kichupo kinaendeshwa peke yake, ili kimoja kikianguka kisiwaangushe wenzake. Raha hiyo unailipia kwa RAM. Bofya kichwa cha safu ya kumbukumbu, walaji wakubwa wanapanda juu. Wa kwanza kabisa alikuwa nani? Roketi. Imeipita hata WhatsApp ya wavuti, ambayo yenyewe si mlaji mdogo. Nikaing'oa pamoja na ndugu zake watatu wanne ambao sikujua waliingia lini, na usiku ule ule laptopu ikaacha kuvuma.

Baada ya hapo nikawasha kiokoa kumbukumbu (Memory Saver), kiko kwenye mipangilio, sehemu ya utendaji (Performance). Kinavilaza vichupo ambavyo hujavigusa muda mrefu. Mifumo ya maombi na WhatsApp nimeiingiza kwenye orodha ya visivyolazwa, maana fomu ya mtu iliyojazwa nusu sio ya kuchezea. Hili ni jambo la dakika chache, nisilizungushe.

Ninachojivunia hasa ni hiki kinachofuata, na hakuna aliyenifundisha.

Wateja wengi wanataka kazi yao itumwe WhatsApp. Mtu anakutajia namba, unaihifadhi kwenye simu, unasubiri itokee kwenye kompyuta, ndipo unatuma. Simu yangu ilijaa majina kama "Mteja CV", "CV Mrefu", "Yule wa Dakawa", "Mama Cheti". Nikawa naona picha za harusi na misiba ya watu nisiowajua. Nyumbani niliwahi kuulizwa Mama Cheti ni nani, na maelezo yangu hayakupokelewa upesi.

Kumbe ule upau wa juu tunapoandikia anwani unaweza kufundishwa. Ndani ya mipangilio ya Chrome, kwenye mitambo ya kutafutia, kuna mahali pa kuongeza ya kwako. Unajaza jina, njia ya mkato na anwani, na kwenye anwani unaweka %s pale ambapo maneno yako yatakaa. Kila anayeeleza jambo hili anatoa mfano wa kutafuta vitu kwenye tovuti. Mimi nikajiuliza, nani kasema lazima iwe kutafuta? Jina nikaweka WhatsApp, njia ya mkato herufi w, na anwani nikaandika hivi:

https://web.whatsapp.com/send?phone=255%s

Sasa mteja akinitajia namba, naandika w, nabonyeza Tab, naandika namba bila sifuri ya mbele, Enter. Gumzo lake linafunguka hapo hapo. Sijahifadhi jina, sijashika simu, naburuta faili naliachia ndani. Mara ya kwanza ilipokubali nilisimama, nikatoka nje, nikarudi nikajaribu tena kwa namba ya shemeji yangu, akajibu "?" tu, sikumjali. Sifuri ndiyo mtego. Binti anayenisaidia dukani alikuwa anaiandika kwa mazoea, 2550 na kuendelea, mfumo unakataa, yeye ananung'unika kwamba mambo yangu ni ya ajabuajabu. Wateja wa Kenya nimewatengenezea yao inayoanza na 254, herufi k. Na faili za zamani nazitafuta kwa njia hiyo hiyo: herufi d, anwani https://drive.google.com/drive/search?q=%s, naandika jina la mtu, CV yake ya mwaka juzi inatokea bila kupekua folda.

Kuna suala la akaunti za watu. Mteja anaingia kwenye barua pepe yake kwenye mashine yako, anaprinti, anaondoka mbio basi lisimwache, na akaunti yake iko wazi. Anayefuata akifungua Gmail anakuta barua za mwenzake. Ushauri wa kila mahali ni dirisha fiche. Linasaidia, lakini ni la kwako bado: linaona alamisho zako (kurasa ulizoziwekea alama, bookmark) na nywila ulizohifadhi. Dirisha la mgeni ni jingine. Bofya alama ya wasifu juu kulia, chagua mgeni (Guest). Humo hamna chako hata kimoja, na ukilifunga hamna cha mteja pia. Wakija wawili kwa pamoja, usifungue madirisha mawili ya mgeni ukadhani umewatenganisha, hayo yote yanashiriki akaunti zilezile. Mmoja mpe la mgeni, mwingine la fiche. Hapo hawachanganyiki. Kitu ambacho madirisha yote mawili hayafuti ni faili zilizopakuliwa. Vyeti, vitambulisho vya taifa, barua za hospitali, vyote vinabaki kwenye folda. Mimi folda hiyo naimwaga kabla ya kuzima taa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, cheti cha mtu sio mali ya duka.

Ndiyo maana sipendi tovuti za bure za kukata PDF, zile unazopakia faili la mteja kwenda kusikojulikana kisha unalishusha tena. Mara mbili bando. Mtu akija na PDF ya kurasa nyingi anataka ya tatu na ya nne tu, fungua ndani ya Chrome, Ctrl na P, badala ya printa chagua kuhifadhi kama PDF, andika 3-4. Kwisha, na hata intaneti haihitajiki. Na faili likikataliwa kwa ukubwa, tatizo mara nyingi ni wewe uliyeskani cheti kwa rangi kwenye dpi 600, kile kipimo cha ukali wa picha. Skani upya kwa 150 au 200, kinasomeka vizuri.

Bando nalo. Natumia simu kama hotspoti, na Windows ilikuwa inajishushia masasisho yake kimyakimya mchana, mimi nalaumu mtandao. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi, ingia kwenye jina la hotspoti yako, washa alama ya kwamba muunganisho huo unapimwa (metered). Masasisho mengi yanasubiri hadi nikienda penye Wi-Fi ya bure. Siwezi kusema naokoa shilingi ngapi kwa mwezi, ila bando la wiki lilikuwa haliioni Alhamisi, sasa linafika.

Barua za kila siku, yaani kuomba kazi, kuomba ruhusa, mkataba wa kupanga chumba, nimezitunga kwenye Google Docs. Mwisho wa linki ya kila moja kuna neno edit na vikorombwezo vyake. Futa kuanzia hapo, andika copy, hifadhi kama alamisho. Ukiibofya, inakuuliza kama utengeneze nakala, unakubali, unapata barua mpya na ile mama haiguswi. Zamani binti alikuwa anaandikia juu ya ile ya kwanza, nikawa na barua ya kuomba kazi ya udereva iliyosainiwa na muuguzi.

Halafu kuandika kwa sauti. Google waliingiza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017, lakini ukikaa kwenye steshenari utadhani ni siri ya serikali. Fungua hati kwenye Docs ndani ya Chrome, Zana, kuandika kwa sauti, chagua Kiswahili, bofya maikrofoni, sema.

Mama mmoja, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa, alikuja na katiba ya kikundi. Haikuwa imeandikwa, ilikuwa kichwani mwake. Nikamwambia, "Mama, shikamoo, kaa hapa, sema pole pole, mashine itaandika yenyewe." Akanitazama kama tapeli. Akasogea, akainamia laptopu kama anayeongea na mtu mwenye uziwi, akaanza. Maneno yakaanza kujipanga. Mama akaruka nyuma, "Yesu!" Nalo likaandikwa.

Tulipofika kifungu cha faini, nje basi likawa linajaza. Mpiga debe wa Msamvu hahitaji maikrofoni. Katiba ikatoka hivi: "mwanachama atakayechelewa kulipa hisa atatozwa Dodoma Dodoma siti mbili za mbele". Mama akaisoma kwa sauti, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akasema wanachama wake wengine hiyo adhabu inawafaa.

Tulifunga mlango, haikutosha. Kilichosaidia ni zile waya za masikioni za elfu tatu nne, zenye kimaikrofoni kwenye waya. Ukikishika karibu na mdomo, stendi yote inapotea. Alama za uandishi usizitamke, ukisema nukta inaandika nukta. Mwache mtu aseme yote, nukta na mikato utaweka baadaye, na majina ya watu uyahakiki moja moja, maana hapo mashine inabuni. Hata hivyo, kazi ambayo ningeipiga chapa mchana mzima ilikwisha kabla ya adhuhuri.

Ugomvi ulikuja kwenye malipo. Bei yetu ya kuchapa ni kwa ukurasa, nikahesabu kurasa, nikataja. Mama akakunja uso.

"Mwanangu, nani kaandika?"

"Mashine, mama."

"Mashine imeandika alichosema nani?"

Nikanyamaza.

"Sasa unanidai ya mdomo wangu?"

Tukavutana, binti ananicheka pembeni. Mwisho nikatoza kuprinti, kubandika jalada, na kitu kidogo nilichokiita kusafisha, yaani kuondoa Dodoma. Akalipa, akaomba na namba yangu ili awape wenzake wa vikundi vingine. Nikamwambia anitajie ya kwake, nikaandika w, Tab, nikamtumia salamu kabla hajafika mlangoni.