Msimbo Haujui Mbalamwezi

Mwaka jana nilikabidhiwa programu ndogo inayowahudumia wanunuzi wa dagaa hapa Kigoma. Kila alasiri hukadiria kiasi cha dagaa kitakachoshushwa kwenye mwalo wa Kibirizi alfajiri inayofuata, kisha huwatumia wanunuzi ujumbe wa simu ili wajue kama wakodi gari au wasikodi. Aliyeiandika aliamini kwa dhati kwamba msimbo mzuri, yaani maagizo yanayoandikiwa kompyuta, hujieleza wenyewe, kwa hiyo hakuacha ndani yake hata mstari mmoja wa maelezo. Nami niliamini hivyo hivyo.

Ndani yake nilikuta sharti hili: kama umri_wa_mwezi uko kati ya 11 na 18, makadirio yawe sifuri. Nilisoma neno "mwezi" nikafikiria tarehe. Kwa kuwa sikuona sababu yoyote ya dagaa kukosekana katikati ya kila mwezi, nilidhani ni mabaki ya majaribio, nikaufuta mstari huo.

Wiki mbili baadaye wanunuzi walifika ufukoni na magari waliyokwisha kuyalipia, wakakuta vyombo vimefungwa na wavuvi wamekaa mchangani wakishona nyavu. Mzee mmoja mwenye chombo alinieleza bila ukali wowote: "Mwanangu, mbalamwezi yote hii, taa yako itamwita nani?" Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi unapokaribia kuwa mpevu mwanga wa taa hauwavuti tena, ndiyo maana wavuvi hupumzika siku hizo. Mwezi uliotajwa kwenye msimbo ulikuwa ule wa angani.

Kosa hilo lilikuwa na sehemu mbili, na kila moja ilihitaji dawa yake. Ya kwanza ilitibiwa na jina: kigeu hicho, yaani jina linalobeba thamani ndani ya msimbo, nilikiita siku_tangu_mwezi_mwandamo, na sasa hakuna atakayekichanganya na tarehe. Hapo nakubaliana kabisa na wanaotetea majina bayana, kwa sababu maelezo yanayowekwa kufidia jina bovu huchakaa upesi. Pembeni ya programu hiyo, nje ya msimbo, kulikuwa na nyaraka zilizosema bei ni kwa ndoo, ilhali hesabu zilishabadilishwa zamani kuwa kwa kilo; nyaraka za namna hiyo ni afadhali zisiwepo.

Sehemu ya pili haina jina linaloweza kuitosha. Jina husema kitu ni nini, na mpangilio wa msimbo huonyesha hatua zinazofuatwa, lakini sababu ya kuchagua 11 na 18 iko ziwani, nje ya kompyuta, na msomaji hawezi kuifikia hata akiusoma msimbo mara mia. COBOL, lugha ya kuandikia programu iliyoanza kubuniwa mwaka 1959, ilikusudiwa isomeke kama sentensi za Kiingereza cha kawaida, na bado iliwekewa nafasi ya maelezo. Katika Python, lugha nyingine ya programu, tunatumia alama ya reli (#): kinachoifuata alama hiyo, kompyuta hukipuuza, kwa maana kinaandikwa kwa ajili ya binadamu. Hapo ndipo nilipoandika habari ya mbalamwezi, kwa mistari miwili tu.

Nilifanya vivyo hivyo kwa takwimu za 2024, ambazo zina sifuri mfululizo kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Kijana makini atakayezikuta miaka kumi ijayo anaweza kudhani kumbukumbu zilipotea, akajaza wastani mahali pake, na kazi yake ikaonekana safi kabisa. Ukweli ni kwamba uvuvi ziwani ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka huo ili samaki wazaliane. Hakuna kipande cha msimbo kitakachomwambia hayo. Lazima aambiwe na mtu aliyekuwepo.

Juzi wenzetu wa Kirando, mwalo mwingine wa Ziwa Tanganyika, waliomba kuitumia programu hii. Kabla ya kuwatumia niliongeza mstari mmoja juu ya lile sharti: namba hizi zimetolewa na wavuvi wa Kibirizi, waulizwe kwanza wavuvi wa huko.