Laptopu yangu ilikuwa nzito, nikabaki najiuliza kama nihamie Windows 11

Ilifika hatua asubuhi naiwasha, naenda kuoga, narudi ndo kwanza inamalizia kujipanga. Siku moja nikapima kwa saa ya simu, kuanzia nabonyeza batani mpaka brauza imefunguka na inakubali kuandikwa, ikaja dakika 4 na sekunde kumi hivi. Na mimi kazi yangu ni kuchapa na kutafsiri nyaraka za watu, kutwa nzima Word iko wazi na tabu za brauza kama kumi na tano, kwa hiyo mashine ikiganda na mkono wa kazi umeganda, mteja anasubiri na wewe unatazama kiduara kinazunguka tu.

Nikaanza kuuliza. Mmoja akaniambia rudi Windows 7, ile ni nyepesi. Huyo sikumfuata kabisa, maana Windows 7 iliacha kupata apdeti za usalama 14 Januari 2020 na mimi humu ndani nina vyeti na mikataba ya watu, siwezi kuviweka kwenye nyumba isiyo na mlango. Mwingine akasema we panda Windows 11, mpya ni mpya, utaona spidi. Hilo likaniingia akilini vizuri tu, nilikuwa bado niko Windows 10 na nilishachoka, ningeambiwa chochote ningejaribu.

Usiku mmoja nikaanza kuishusha. Ikagoma, nafasi haitoshi, diski imebakiwa na GB 6. Nikawa nafuta mafaili ya zamani na katikati ya kufuta laptopu ikaganda, nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili nifungue Task Manager niue kilichoganda. Ile dirisha nimeshaifungua mara mia ila siku zote naenda kuua programu na kufunga. Siku hiyo kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimesimama nikakaa naisoma. Prosesa 9%. Memori 91%. Diski 100%, ina rangi nyekundu.

Nikaingia ndani zaidi kwenye ukurasa wa diski. Kumbe diski ilikuwa inasoma chini ya MB 2 kwa sekunde, halafu muda wa kujibu ombi moja ni milisekunde mia tisa na kitu, yaani karibu sekunde nzima kwa kila kitu kidogo inachoombwa! Prosesa imekaa haina kazi inasubiri diski. Hapo ndo nikaelewa tatizo liko wapi na nikaahirisha mambo ya kuapgredi palepale.

Iko hivi. Mle ndani kulikuwa na hadidiski ya kuzunguka, ile ya mizunguko 5400 kwa dakika, ambayo kusoma kitu inabidi mkono wake usogee mpaka pale kilipo halafu isubiri sahani izunguke ifike. Faili moja kubwa inalimudu, ila Windows ikiwa inawaka inaomba vifaili vidogo vidogo maelfu vilivyotawanyika, mkono unaenda huku unarudi kule. Juu ya hapo nilikuwa na RAM, yaani ile memori, ya GB 4 tu, na RAM ikijaa Windows inachukua vitu vilivyomo inavihamishia kwenye diski kwa muda, ukivitaka inavirudisha. Kwa hiyo diski ileile iliyochoka inabebeshwa na kazi ya RAM. Sasa niambie, Windows 11 ingekuja kukaa wapi? Juu ya diski ileile na RAM ileile. Ni kweli kiwango cha chini kilichoandikwa ni RAM GB 4 na diski ya GB 64, lakini hicho ni kiwango cha kuwaka, kufanya nayo kazi kutwa ni habari nyingine.

Kabla sijanunua chochote nikazima kwanza programu zinazojiwasha zenyewe, kwenye Task Manager hapohapo kuna sehemu ya Startup, nilikuta kumi na moja na saba kati ya hizo sizitumii hata mara moja kwa wiki. Ikashuka mpaka dakika 3 na kidogo. Afadhali, lakini bado.

Nikatafuta SSD, yaani diski isiyo na sahani ya kuzunguka, ya GB 500 na kipande cha RAM cha GB 8, baada ya kuhakikisha aina inayoingia kwenye laptopu yangu, hili usilipuuze kwa sababu RAM ya DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, na SSD nazo kuna za inchi 2.5 zinazokaa pale palipokuwa na hadidiski na kuna zile nyembamba za M.2. Nikafanya bakapu ya kazi zote kwenye diski ya nje, nikakopi mfumo wote kama ulivyo kwenda kwenye SSD, ndo nikafungua. Kitu kilichonisaidia sana: nilichora mgongo wa laptopu kwenye karatasi, kila skrubu niliyotoa nikaibandika na gundi ya karatasi pale ilipotoka. Zilikuwa kumi na mbili, na tatu za pembeni ni fupi kuliko nyingine, ukiikosea ndefu ukaiweka pa fupi inaweza kutoboa upande wa pili. Nikachomoa waya wa betri kwanza kabla ya kugusa kingine.

Kuwasha mara ya kwanza, sekunde 19. Nikazima nikawasha tena kwa sababu sikuamini. 19 tena. Windows 10 ileile, prosesa ileile, sijabadilisha hata rangi ya ukuta. Niliona furaha jamani, ile laptopu nilikuwa nimeshaipangia kuitoa!

Sasa swali la Windows 11 likarudi, ila limebadilika. Habari ya spidi imeisha, imebaki habari ya usalama, maana apdeti za bure za Windows 10 zilikuwa zinafikia mwisho 14 Oktoba 2025 na mimi nilikuwa Septemba. Ulikuwepo mpango wa kujiandikisha ukaongezewa mwaka mmoja wa apdeti za usalama, nikaufikiria, ila nikaona kama mashine inakubaliwa basi nihame nimalize.

Nikapima na ile programu ya PC Health Check, ikasema haifai, TPM 2.0 haipo, yaani kile kijisehemu cha kutunza funguo za usalama ambacho Windows 11 inakidai. Hapa wengi ndo wanakata tamaa. Prosesa yangu ni i5-8250U, ile 8 ya mwanzo ni kizazi cha nane, na Intel kuanzia kizazi hicho wako kwenye orodha ya wanaokubaliwa, kwa hiyo nikajua TPM lazima ipo ila imezimwa. Nikaingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, sehemu ya usalama, nikakuta imeandikwa PTT, Intel ndo wanavyoiita, kwenye mashine za AMD utakuta fTPM. Nikaiwasha, nikahakikisha na Secure Boot, ile kinga ya wakati wa kuwaka, iko sawa, nikapima tena, tiki ya kijani. Ila kama diski yako imefungwa na BitLocker, ile kufuli ya diski ya Windows, andika ufunguo wake wa akiba pembeni KABLA ya kugusa BIOS, kwa sababu ukiwasha inaweza kukuuliza na bila ule ufunguo haifunguki.

Nikahama Jumamosi jioni, ilichukua kama saa moja na nusu. Nikapima kuwaka: sekunde 21. Nikarudia siku tatu mfululizo, inacheza kati ya 18 na 22. Yaani kwa spidi Windows 11 kwangu haikuongeza wala kupunguza kitu. Kilichosumbua ni printa tu, iligoma kuchapa pande mbili mpaka nilipoitoa na kuiweka upya na draiva mpya.

Nilikuwa nimejipa siku kumi za kuipima, kwa sababu Windows ya zamani inahifadhiwa kwenye folda ya Windows.old kwa siku kumi na ndani ya muda huo unaweza kurudi ulikotoka bila kupoteza mafaili yako. Nikafanya kazi zangu zote mle, mikataba, vyeti, faili moja la kurasa 200 lenye majedwali ambalo zamani lilikuwa linagandisha mashine nzima. Siku ya kumi na moja nikaangalia, folda haipo tena na GB zaidi ya ishirini zimerudi, nikaendelea na jedwali nililokuwa nalo.