Kichupa au peni: hesabu yangu ya insulini ya muda mrefu hapa Dodoma

Oktoba ya mwaka juzi, saa nane usiku, tulimkuta mama, ambaye ana kisukari, ameketi kando ya kitanda chake nyumbani Nkuhungu, khanga imelowa jasho na maneno yanamtoka kama ya mtu aliyelewa, na mashine ya kupimia sukari iliposoma kidole chake ikaonyesha 2.8, yaani sukari iko chini mno. Tulimnywesha maji yenye sukari, tukasubiri robo saa, tukapima tena, ikapanda hadi 4.6, ndipo akauliza kwa nini taa zote zimewashwa. Ilikuwa mara ya tatu katika mwezi huo, na asubuhi yake nilianza kutafuta ile insulini ambayo watu kliniki huitaja kwa sauti ya chini kwa sababu ya bei yake.

Mama alikuwa akitumia isofani, ile insulini nyeupe yenye ukungu ambayo kwenye maboksi huandikwa NPH. Herufi ya mwisho ni ya Hans Christian Hagedorn, daktari wa Denmark ambaye mwaka 1936 aligundua kwamba insulini ikichanganywa na protamini, yaani protini iliyotolewa kwenye mbegu za samaki dume, huchukua muda mrefu zaidi kuisha mwilini. NPH yenyewe ikafuata mwaka 1946. Ni dawa nzuri na ndiyo nafuu, lakini ina kilele: nguvu yake hupanda kati ya saa nne na saa kumi baada ya kuchomwa, kisha hushuka. Mama alikuwa akichoma saa kumi na mbili jioni pamoja na chakula, kwa hiyo kilele kilianza saa nne usiku na kuendelea hadi alfajiri, wakati ugali na mlenda vimekwisha kazi yake tumboni na yeye amelala.

Muuguzi wa kliniki aliliona jambo hilo kabla ya daktari. Hakutuandikia dawa mpya. Alitwambia tuihamishe sindano ya jioni hadi saa nne usiku, ili kilele kisogee kuelekea asubuhi, kisha akamwomba mama amwonyeshe jinsi anavyoandaa dawa. Mama alikichukua kichupa na kuvuta dawa moja kwa moja bila kukiviringisha kati ya viganja, na kumbe alikuwa akifanya hivyo miaka yote. Isofani ikiachwa hutuama chini, na asiyeiviringisha polepole mpaka ukungu uenee sawasawa hujichoma dozi dhaifu leo na dozi kali kesho. Ninaliandika hili mapema kwa makusudi, kwa kuwa marekebisho haya mawili hayagharimu hata shilingi moja, na kwa watu wengi huenda yakatosha.

Kwetu yalisaidia, lakini hayakutosha. Baada ya wiki sita, huku daftari la vipimo likiendelea kuonyesha namba zilizo chini ya 4 alfajiri, daktari aliandika glajini, insulini iliyoingia sokoni mwaka 2000. Ni maji maangavu yenye asidi, ambayo yakifika chini ya ngozi hugeuka chembechembe ndogo na kuyeyuka kidogo kidogo kwa takriban saa 24, bila kilele kikubwa. Ndiyo maana pia haichanganywi na insulini nyingine katika bomba moja la sindano. Mama alikuwa akichoma yuniti 16 asubuhi na 9 usiku, jumla 25, na daktari akaanza na yuniti 20 mara moja kwa siku, akieleza kwamba anayetoka kwenye isofani ya mara mbili hupunguziwa kama asilimia 20 mwanzoni. Hesabu hiyo ni yake kwa mgonjwa wake, wala si ya kuigwa nyumbani.

Kisha ukaja utafutaji wenyewe. Kosa la kwanza lilikuwa langu: niliomba dawa kwa jina la kibiashara nililolisikia, nikatajiwa bei iliyonikausha koo. Hati miliki ya glajini ya kwanza ilikwisha muda wake zamani, na leo kampuni kadhaa, zikiwemo za India, hutengeneza bayosimila, yaani insulini ya aina ileile iliyopimwa na kuonekana kufanya kazi sawa na ile ya awali. Tuliporudi kwa daktari akaandika jina la dawa, «insulin glargine», badala ya jina la kampuni, mfamasia alipata nafasi ya kutuonyesha alichonacho, na bei ikashuka. Swali la kuulizia bima nalo lilibadilika. Kuuliza kama bima inalipia insulini hakutoshi, kwa sababu jibu litakuwa ndiyo na utakabidhiwa isofani. Ulizia kwa jina na kwa umbo, kichupa cha kuvutia dawa kwa sindano au peni, yaani kifaa cha kuchomea chenye dawa ndani yake, kabla hujapanga foleni dirishani.

Kosa la pili nililifanya mbele ya kaunta ya famasi moja mjini. Muuzaji aliniambia, «Dada, chukua kichupa, kina yuniti 1,000, peni ina 300 tu, na kichupa hiki hakifikii bei ya peni tatu.» Alikuwa sahihi kwa hesabu ya yuniti, nami nikalipa nikiwa na furaha. Nilichosahau ni kwamba glajini ikishafunguliwa huhesabiwa siku 28, kisha hutupwa hata kama imebaki. Kwa yuniti 20 kwa siku, mama alitumia 560, na siku ya ishirini na nane nikamwaga 440, karibu nusu ya fedha yangu. Peni hupoteza yuniti mbili kila inapojaribiwa kabla ya kuchoma, kwa hiyo kwa mama hutumika 22 kwa siku, sawa na 616 katika siku 28: peni mbili na kidogo tu. Hivyo kwa dozi yake, kichupa ni nafuu pale tu bei yake inapokuwa chini ya peni mbili, si tatu. Anayechoma yuniti 35 kwa siku atapata jibu tofauti kabisa, maana atakaribia kukimaliza kichupa ndani ya muda. Kila mmoja apige hesabu kwa dozi yake, aongeze bei ya sindano, ndipo aseme kipi ni rahisi.

Jirani yetu alipendekeza tugawane kichupa na mgonjwa mwingine ili kisitupwe. Muuguzi alikataa katakata, akasema peni ndiyo kabisa haiazimwi, hata kwa kubadilisha sindano, kwa kuwa damu inaweza kurudi ndani yake.

Safari moja nilinunua boksi Dar es Salaam, nikarudi kwa treni ya SGR nikiwa nimelilaza juu ya vipande vya barafu ndani ya chombo cha plastiki, nikijisifu kimoyomoyo kwa uangalifu wangu. Nilipofika Dodoma peni mbili zilikuwa zimeganda. Insulini iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Joto letu la Oktoba na Novemba ni adui, lakini si adui wa haraka kama barafu: utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, uliozingatia joto lililopimwa katika kambi za Dadaab nchini Kenya, ulionyesha kwamba insulini za aina mbalimbali zilidumisha nguvu yake kwa wiki nne katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Maelekezo ya watengenezaji bado ni nyuzi 2 hadi 8 kabla ya kufungua, na chini ya 30 baada ya kufungua, nasi ndiyo tunayoyafuata. Umeme ukikatika, kuna mtungi wa udongo uliofunikwa kwa kitambaa kibichi, kivulini.

Nisingependa msomaji adhani kwamba kila mwenye kisukari lazima aikimbilie glajini. Shirika la Afya Duniani liliziingiza insulini za muda mrefu za aina hii katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, na nilifurahi. Lakini utafiti wa Marekani wa mwaka 2018, uliofuatilia zaidi ya wagonjwa 25,000 wa kisukari cha aina ya pili, haukuonyesha kwamba walioanza na hizi mpya walikimbizwa hospitali kwa sukari kushuka mara chache kuliko walioanza na isofani. Mama alikuwa na sababu yake, iliyoandikwa kwenye daftari kwa tarehe na saa. Asiye na sababu hiyo, na ambaye bei hiyo itamlazimisha kuruka dozi, ni salama zaidi akiwa na isofani asiyoikosa.

Peni inayotumika sasa ina kipande cha plasta ubavuni, ambacho mama ameandika kwa mkono wake tarehe ya kuifungua. Jana usiku alisoma 6.9, akaandika, akalala.